Somo: Theluji ya majira ya kuchipua, anza na usiku uliopita

Wengi huamka, wakaona jua, wakafunga mizigo kwenda milimani. Mimi nawasihi, ili msifukiwe na maporomoko ya theluji, muanze kwa kuuliza: usiku theluji iliganda?

Hatua ya 1. Usiku usio na mawingu, theluji hutoa joto lake kwenda angani na uso wake ukawa gamba gumu, hata kama hewa iko juu kidogo ya nyuzi 0. Mawingu yakitanda, joto hubaki kama kwenye chungu kilichofunikwa; gamba huwa jembamba au halipo kabisa. Usiku wa namna hiyo ukifuatana miwili mitatu, maji hupenya hadi kwenye tabaka dhaifu la chini, na hapo huporomoka bamba zima la theluji. Safari naiahirisha bila kujadiliana.

Hatua ya 2. Mlimani, kanyaga kwa nguvu. Gamba likikubeba, una saa chache tu kabla halijalainika. Ukizama kupita kifundo cha mguu, ondoka kwenye miteremko mikali.

Hatua ya 3. Lifuate jua. Kaskazini mwa ikweta upande wa mashariki hulainika kwanza, kisha kusini, mwisho magharibi. Maporomoko mengi huanzia miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, lakini wewe uliye bondeni tambarare angalia kilicho juu yako. Ukiona vibonge vya theluji vinabingirika vyenyewe, geuza.

Hatua ya 4. Kila mtu awe na redio ya kutafutia aliyefukiwa, fimbo ya kudungia theluji na koleo. Baada ya dakika 10 hadi 15 matumaini ya kumtoa hai hushuka kwa kasi. Fanyeni mazoezi, tafadhali.

MASWALI

Mwalimu, jana ilianguka theluji mpya, leo jua kali. Gamba la chini si litatubeba?
Litakubeba wewe, ndugu yangu, ila theluji mpya iliyolala juu yake haijashikamana nalo. Jua la kwanza baada ya dhoruba ndilo naliogopa zaidi.

Na kusini mwa ikweta?
Upande wa kaskazini ndio unaopigwa na jua la mchana. Mashariki hubaki wa kwanza.

Tunaweza kupumzika chini ya kingo za theluji zinazoning'inia kileleni?
Hapana. Joto huzidhoofisha, na zikikatika huamsha mteremko mzima. Hata ukiwa juu, kaa mbali na ukingo. Hukatikia nyuma kuliko unavyodhani.