Kutafuta Sarafu za Fedha za Zamani Mombasa kwa Kigunduzi cha Metali: Mwongozo kwa Anayeanza

Mtu anayenunua kigunduzi cha metali hapa Mombasa kwa nia ya kupata sarafu za fedha hukutana na mambo mawili ambayo kijitabu cha mashine hakimwambii: sheria ya vitu vya kale, na wingi wa vizibo vya soda. La pili huzoeleka. La kwanza halina budi kumalizwa kabla mashine haijatiwa chaji, na ndiyo sababu linatangulia hapa.

Hatua ya kwanza: ijue sheria, kisha upate ruhusa

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Sheria hiyohiyo inakataza kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa pasipo leseni, hata kama ardhi ni yako mwenyewe, na vitu hivyo vikiwa ardhini ni mali ya Serikali. Kwa hiyo anayeanza anapaswa kulenga sarafu za baada ya 1895, yaani rupia za mwisho na shilingi za kikoloni, na kuachana na ndoto za hazina ya masultani. Nenda Makumbusho ya Fort Jesus, ueleze ni kiwanja gani unachokusudia kupekua na ni sarafu za wakati gani unazotafuta, na uombe mwelekeo wao kwa maandishi. Mwenye kiwanja naye akupe barua fupi yenye sahihi, hata akiwa mjomba wako.

Kuna mahali ambapo mashine haifai hata kutolewa mfukoni: Mji wa Kale, Fort Jesus na viunga vyake, nguzo ya Mbaraki, magofu ya Mtwapa na Jumba la Mtwana, misitu ya kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda), na makaburi yoyote yale. Ongeza hapo maeneo ya bandari, ya reli na ya jeshi la majini kule Mtongwe, ambako mtu anayetembea na mashine yenye mpini mrefu na vipokea sauti masikioni atakuwa na mengi ya kueleza.

Hatua ya pili: zijue sarafu kabla ya kuzitafuta

Pesa iliyotumika zaidi pwani mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa rupia ya India, iliyokuja na wafanyabiashara na kuzidi kuenea ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896. Ina uzito wa gramu 11.66, na kati ya kila sehemu 1,000 za metali yake, sehemu 917 hivi ni fedha. Sura iliyo juu yake ni ya Victoria, Edward VII au George V, kulingana na mwaka. Ile ya 1911 ina kisa chake: tembo aliyechorwa kwenye vazi la mfalme alionekana kama nguruwe, Waislamu wakalalamika, na mchoro ukarekebishwa mwaka uliofuata.

Baadaye sarafu iitwayo florini ilipita kwa muda mfupi, mwaka 1920 na 1921, kisha ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina uzito wa gramu 7.8 hivi, lakini fedha yake ni robo tu, na zilizotolewa kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Jambo hili liwekwe akilini mapema, maana wengi hufurahia simba yule bila kutazama mwaka.

Reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ambayo wazee waliiita reale ya Sham, ina gramu 28 na daima imeandikwa 1780, kwa sababu iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe hiyo muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufariki. Tarehe yake, basi, haikuambii iliingia pwani lini. Ikijitokeza, ichukulie kuwa kitu cha kale, sawa na rupia ya 1888 yenye jina la Mombasa iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, na ufuate hatua ya mwisho ya mwongozo huu.

Hatua ya tatu: lifundishe sikio nyumbani

Tafuta kwa wauzaji wa sarafu rupia moja na shilingi moja ya kabla ya 1948, zilizochakaa na za bei nafuu. Zifukie uani katika kina cha sentimita 5, 10 na 15, na kando yake ufukie kizibo cha soda, msumari wenye kutu, kipande cha bati na kishikizo cha kopo la alumini. Pitisha koili, yaani lile duara la chini ya mashine linalohisi metali, juu ya kila kimoja mpaka uweze kukitaja ukiwa umefumba macho. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine zote, kwa hiyo rupia hutoa sauti ya juu, nyororo, na katika mashine nyingi zenye kipimo cha 0 hadi 99 husoma juu ya 80. Shilingi ya robo fedha usiitarajie namba hiyo; andika inayoonyeshwa na mashine yako na uishike hiyo.

Kipande cha bati ndicho mwongo mkubwa wa mji huu. Kwa kuwa ni kipana na bapa, huweza kutoa sauti ya juu kama ya fedha. Dawa yake ni kugeuka: pitisha koili juu ya alama, kisha zunguka robo duara na uipitishe tena kutoka upande huo mwingine. Sarafu iliyolala bapa hulia vilevile kutoka kila upande na namba yake hutikisika kidogo tu. Bati hukatikakatika, namba hurukaruka, na ukiinua koili polepole utagundua kwamba sauti bado ni pana kuliko inavyopaswa.

Hatua ya nne: chagua ardhi

Hapa ndipo fedha hupatikana au kukoseka, na mimi humshauri anayeanza atumie muda mwingi kuulizia kuliko kuchimba. Waulize wazee wa mtaa ni wapi palikuwa na kisima, soko la jioni, kibanda cha chai, mwembe ambao watu walikaa chini yake kucheza bao, au njia ya miguu ya kwenda kivukoni. Sarafu hudondoka pale mtu anapokaa, anapoinama na anapolipa. Kiwanja kilichojazwa kifusi au mchanga wa kuletwa na lori hakifai, kwa kuwa tabaka la zamani limezama kupita uwezo wa mashine ya kawaida, ambayo kwa sarafu moja huishia sentimita 20 hivi.

Ukianza kupata senti tano na senti kumi za shaba zenye tundu, usizitupe kwa hasira. Ziko kwenye tabaka la wakati uleule wa shilingi ya simba, na ni dalili kwamba ardhi haijavurugwa. Punguza mwendo hapo, ushushe koili karibu na udongo, na kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia.

Hatua ya tano: ufukweni

Kwanza uliza mipaka ya hifadhi ya baharini ya Mombasa, ambayo husimamiwa na shirika la wanyamapori la Kenya (KWS), ili usiingie ndani yake na mashine. Penye ruhusa, nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, na utafute mahali ambapo kusi au kaskazi imekokota mchanga laini hadi tabaka gumu likaonekana. Sarafu nzito hukaa huko. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hufanya mashine nyingi zipige kelele ovyo, kwa hiyo punguza nguvu ya kuhisi na uisawazishe mashine upya ukiwa juu ya mchanga huohuo. Mchanga mkavu wa juu una pete na sarafu za juzi tu, pamoja na vizibo visivyohesabika.

Hatua ya sita: chimba bila kuikwaruza

Pima kitovu cha sauti kwa kukatiza alama mara mbili kwa umbo la msalaba. Kata udongo pande tatu, sentimita 10 mbali na kitovu, uufunue kama kifuniko, na udongo unaotoka uweke juu ya kipande cha turubai. Pitisha koili juu ya shimo, kisha juu ya turubai, ili ujue sarafu iko wapi kabla ya kuingiza mkono. Fedha mara nyingi hujitokeza kama mstari mwembamba wa kijivu kwenye ukuta wa shimo, wenye mikato midogo ya ukingoni. Ukiuona, weka mwiko chini na utumie vidole. Kagua shimo mara ya pili, kwa sababu pesa iliyoanguka kutoka kwenye fundo la leso haikuwa lazima iwe moja. Ukimaliza rudisha udongo wote, uukanyage, na takataka ulizozitoa uondoke nazo.

Hatua ya saba: usisugue

Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe kwa kugusisha kitambaa laini, basi. Ukwaju, limau, jivu na dawa ya meno viachie sufuria na sinia. Juu ya fedha vinaweza kula uso au kuacha mikwaruzo, na sarafu iliyosuguliwa hushuka thamani kwa mkusanyaji. Iliyotoka baharini huwa nyeusi na yenye gamba, nayo iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, ukiyabadilisha kila siku kwa muda wa wiki kadhaa.

Hatua ya nane: pima, andika, toa taarifa

Ipime kwenye mizani ya sonara: rupia iliyo pungufu sana ya gramu 11 pasipo kuchakaa ni ya kutiliwa shaka. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, na juu yake uandike tarehe, kiwanja, kina, na kilichokuwa kando yake. Ukipata chochote kinachoonekana kutangulia 1895, au sarafu nyingi mahali pamoja, au vigae na mifupa, acha kuchimba, piga picha kama palivyo, na uwaarifu Makumbusho ya Taifa ukieleza mahali hasa na namna ulivyokipata. Sheria inatoa siku saba, na kitu chenyewe hukabidhiwa pamoja na taarifa hiyo.