Kamera ya kwanza chini ya maji

Ukipiga mbizi kwa mtungi wa hewa, kabla ya kamera mudu kuelea ndani ya maji. Jipime hivi: tulia mita moja juu ya mchanga kwa dakika 3 bila kupiga mikono, bila kupanda wala kuzama. Ukishindwa, kamera isubiri. Anayekodolea kioo husahau miguu yake, na pezi moja likigonga tumbawe huvunja kilichochukua miaka mingi kukua. Wala usibane pumzi ili picha itulie: ukipanda hata mita chache hewa ikiwa imefungwa mapafuni, yanaweza kupasuka.

Kasha la kamera hulindwa na oringi, ule mpira mwembamba wa mlangoni. Unywele mmoja ukilala juu yake, maji yameingia. Liandae usiku uliotangulia, chumbani, si kwenye boti yenye mchanga na chumvi. Toa oringi kwa kidole au ukingo wa kadi ya plastiki, kamwe si kwa kisu. Ifute, kisha ipake grisi iliyoelekezwa na mtengenezaji wa kasha, kiasi cha punje ya mchele. Ing'ae tu, basi. Grisi nyingi hunasa uchafu. Halafu zamisha kasha tupu ndani ya ndoo dakika 30, tishu ikiwa ndani. Tishu ikilowa, rudia kazi yote. Weka pia pakiti ya silika, ile inayonyonya unyevu, la sivyo kioo kitafanya ukungu maji yakilipoza kasha.

Sasa rangi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Maji hufyonza nyekundu kwanza: mita 5 imeshafifia, mita 10 chewa mwekundu anaonekana wa kijivu. Na si kina pekee kinachohesabika, bali safari nzima ya mwanga, kutoka juu hadi kwa samaki, kisha hadi kwenye lenzi. Kwa hiyo sogea, nusu mita ikiwezekana. Kuvuta kwa zumu hakuondoi maji yaliyo katikati. Bila flashi, elekeza kamera kwenye kibao cheupe na urekebishe weupe (white balance) kwa mkono, tena na tena kila ushukapo mita 3 hadi 5. Hifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo rangi zake hurekebishika baadaye.

Ukiwa na flashi, anza na ISO 200 (wepesi wa kuhisi mwanga), kasi ya 1/125 ya sekunde na tundu la lenzi f/8. Flashi ikikaa karibu na lenzi itamulika chembe zote zinazoelea, na picha itajaa vidoa vyeupe kama theluji. Itanue pembeni kwa mkono wake, uigeuze nje kidogo.

Chagua siku za maji mafu, kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana jua likiwa juu. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huleta mikondo mikali inayotibua mchanga, iwe Mnemba kule Zanzibar au ghuba ya Chole kule Mafia.

Ukitoka, loweka kasha kwenye maji yasiyo na chumvi dakika 30 huku ukibonyeza kila kitufe, chumvi isigande ndani. Likaushe kabisa, na nywele zako pia, ndipo ulifungue.