Somo: Soma Kiingereza kupitia habari unayoijua tayari

Mbukwenyi wana kikundi. Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Wengi mmeniomba somo la kusoma gazeti la Kiingereza. Naomba niwaambie kwanza mimi nilianzia wapi, maana njia yenyewe imetoka hapo. Nilisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza nikakuta kila somo limegeuka Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mwaka ule nilikariri madaftari mazima bila kuelewa ninachokariri, na niliumia sana.

Kilichonifungua macho ni karatasi ya kufungia vitumbua. Mama alikuwa akiviuza mtaani Majengo, na kazi ya kukata magazeti ya zamani ilikuwa yangu. Siku moja nikakutana na habari ya mechi ambayo niliwahi kuisikia redioni. Maneno mengi sikuyajua, lakini nilijua nani kafunga na nani katolewa kwa kadi nyekundu. Nikaona "sent off" kando ya jina la yule beki. Kwa kukariri ningesema "ametumwa". Kwa kuwa mechi naijua, nikaelewa palepale kwamba ametolewa uwanjani. Kiingereza hakikuwa kimepungua ugumu. Nilikuwa nimekikuta mahali ninapopafahamu.

Hatua ya kwanza: pata habari kwa Kiswahili kwanza

Usiku sikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Chagua habari moja tu inayokugusa. Asubuhi itafute hiyohiyo katika Daily News, The Citizen au The Guardian, iwe ya karatasi au ya kwenye simu. Sisi wa Dodoma tuna bahati yetu: kuanzia Aprili hadi Juni Bunge la bajeti linakaa hapahapa, wabunge wanajadili kwa Kiswahili, na kesho yake magazeti hayo yanaandika mjadala uleule kwa Kiingereza. Ukiwa umemsikia waziri akiahidi barabara ya lami, ukikuta "tarmac road" hutafungua kamusi.

Usianze na habari za vita vya nchi usiyoijua. Utabeba mizigo miwili, wa habari na wa lugha, na utaitua yote njiani.

Hatua ya pili: kichwa cha habari kina sarufi yake

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo twende polepole. Mifano nimeitunga mwenyewe, lakini ndivyo magazeti yanavyoandika.

"Govt to scrap levy". Hiyo "to" inasimama badala ya wakati ujao: serikali itafuta tozo. Bado haijafuta. Ukisoma haraka unaweza kwenda kumwambia jirani kwamba tozo imekwisha, kumbe ni nia tu.

"Two held over cattle theft". Shuleni tungeandika "Two people are being held". Gazeti limeondoa "people" na "are being" kwa sababu nafasi ni finyu. Kinachobaki kinafanana na wakati uliopita, lakini maana yake ni kutendwa: wawili wanashikiliwa kwa tuhuma za wizi wa ng'ombe. Na "over" hapo si "juu ya" kama ya meza, ni "kuhusiana na".

"Dodoma Jiji hold Yanga". Kitenzi kipo katika wakati uliopo, ila mechi ilichezwa jana. Vichwa vya habari husimulia ya jana kana kwamba yanatokea sasa. Na angalieni "hold" yuleyule: kule kwenye "held" polisi anashikilia watuhumiwa, huku timu imeibana nyingine wakatoka sare.

Vichwa vinapenda pia maneno mafupi ambayo huyasikii sana kwenye mazungumzo. "Probe" ni uchunguzi, "row" ni mzozo, "woes" ni shida, "mull" ni kutafakari, "axe" ni kufuta au kufukuza kazi. "House" yenye herufi kubwa ni Bunge, na "State House" ni Ikulu. Ukiyashika haya machache, nusu ya ukurasa wa mbele inafunguka.

Hatua ya tatu: rundo la majina lisome kutoka nyuma

Hii naipenda kuliko zote, na natamani ningefundishwa nikiwa kidato cha kwanza.

Kiswahili kinaanza na kitu chenyewe, halafu ndiyo sifa zake: ripoti ya kuchelewa kwa mradi wa maji. Kiingereza kinapanga sifa kwanza na kitu chenyewe kinakuja mwisho: "water project delay report". Anza na neno la mwisho urudi nyuma: "report", ripoti, "delay", ya kuchelewa, "project", kwa mradi, "water", wa maji. Sentensi ya Kiswahili imekamilika bila kuhamisha neno hata moja. Jaribuni na "maize price rise": kupanda kwa bei ya mahindi. Anayesoma kutoka mbele anaona mahindi, bei, kupanda, na anaweza kudhani watu wanapanda mahindi.

Hatua ya nne: aya mbili za kwanza, kisha pumzika

Habari za magazeti huweka uzito juu: nani, nini, wapi, lini. Yanayofuata ni maelezo. Ukielewa aya mbili za mwanzo umeielewa habari. Andika maneno matano tu kwenye daftari, kila moja pamoja na sentensi lilimotoka.

Jihadharini na maneno tuliyoyakopa. Mengi yanatusaidia: bajeti, kamati, ripoti, saini. Lakini mengine yamebadilika maana yalipofika kwetu. Kwetu trafiki ni askari wa barabarani. Kwenye gazeti "traffic" ni magari na msongamano wake. Kwetu hoteli inaweza kuwa pa kula ugali tu. "Hotel" ni pa kulala wageni. Na "ward" ya hospitali ni wodi, ila "ward councillor" ni diwani wa kata.

Hatua ya tano: Kiingereza cha mkononi

Gazeti si kila kitu. Soma tiketi, kisanduku cha dawa, mfuko wa mbegu, kadi ya mwaliko.

Baba yangu mdogo alikata tiketi ya basi la kwenda Singida imeandikwa "Departure 7:00 AM". Akafika stendi saa saba mchana na begi lake, amevaa vizuri, anakwenda harusini. Basi lilikuwa limeondoka tangu saa moja asubuhi. Aliketi kwenye benchi muda mrefu bila kusema neno, na mimi ndiye niliyemsomea ile "AM". Kiingereza huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia jua linapochomoza. Tofauti ni saa sita. Siku hizi, tangu treni ya SGR ya Dar hadi Dodoma ilipozinduliwa Agosti 1, 2024, wengi tunasafiri kwa saa zinazohesabiwa mpaka 24. Ikiandikwa 18:00 ni saa kumi na mbili jioni.

Kwenye dawa, "complete the full course" maana yake maliza dozi yote hata ukijisikia nafuu. "Keep out of reach of children" ni kuweka mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Haya yasomeni kwa sauti nyumbani.

Hatua ya sita: msimulie mtu

Ukimaliza, nenda kijiweni, saluni au jikoni, simulia habari ile kwa Kiswahili. Pale utakapokwama kusimulia ndipo ambapo hukuelewa. Rudi usome aya hiyo tena.

Zoezi: tafsirini "Dodoma grape farmers' market plan gets House team nod". Nimelitunga pia.

MASWALI YA WANA KIKUNDI

Mama Neema, Kongwa: Dada, nimeishia darasa la saba, nina miaka 47. Gazeti si litanishinda?

Jibu: Shikamoo mama. Anza na ukurasa wa bei za mazao na wa hali ya hewa, kwa sababu mambo hayo unayajua kuliko hata mwandishi. "Maize", "sorghum", "groundnuts", yaani mahindi, mtama, karanga. Wiki mbili usiguse kingine. Ukikutana na "per 100kg bag" tayari unajua gunia ni nini na bei yake sokoni ilikuwa ngapi.

Boda wa Area C: Mimi nabandika habari nzima kwenye programu ya tafsiri ya simu. Kuna ubaya?

Jibu: Ukitaka kujua habari tu, hakuna ubaya kaka. Ukitaka kujua kusoma, itumie mwishoni. Soma mwenyewe, simulia, kisha fungua tafsiri uone ulikosea wapi. Vichwa vya habari ndivyo vinavyoichanganya zaidi programu hiyo, maana maneno yamekatwa, kwa hiyo usiiamini huko.

Mkulima wa Bahi: Mwalimu, utabiri unasema "below-normal rainfall". Mwingine nimesoma "little rain", mwingine "a little rain". Ni kitu kimoja?

Jibu: Nashukuru kwa swali hili kaka, lina chakula cha mwaka mzima ndani yake. "Normal" ya watu wa hali ya hewa ni wastani wa mvua wa eneo lenyewe kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Kwa hiyo "above normal" ya Dodoma haifikii hata mvua ya kawaida ya Bukoba, na "below normal" kwetu tulio na msimu mmoja ni jambo zito. Sasa hako ka-"a". "A little rain" ni mvua kidogo, lakini ipo. "Little rain" ni mvua haba, karibu hakuna. Vivyo hivyo "a few villages" ni vijiji kadhaa, na "few villages" ni vichache mno. Angalia pia "likely": ni uwezekano mkubwa, si ahadi. Kwenye mpunga na kwenye mtama maamuzi yanatofautiana, basi soma neno hilo mara mbili.

Kidato cha pili, Chamwino: Dada shikamoo. Nilipofiwa, rafiki wa Uingereza aliniandikia "sorry for your loss". Nilishangaa, kwani yeye kanikosea nini? Na "loss" si hasara?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hapo "sorry" ndiyo pole yetu, si kuomba radhi. "Loss" kwenye habari za biashara ni hasara, kwenye msiba ni kufiwa. Rafiki yako alikupa pole kwa kufiwa. Unaweza kumjibu "thank you" tu, inatosha.

Fundi wa Nkuhungu: Nimefanya zoezi. "Wakulima wa zabibu wa Dodoma wamepata mpango wa soko, timu ya nyumba imetikisa kichwa."

Jibu: Umefika karibu fundi. "House team" ni kamati ya Bunge. "Nod" ni kweli kutikisa kichwa kwa kukubali, yaani kuridhia. Kilichopata ridhaa ni mpango, si wakulima. Rudi nyuma kutoka "plan": mpango wa soko wa wakulima wa zabibu wa Dodoma. Sasa iandike tena.

Fundi wa Nkuhungu: "Kamati ya Bunge yaridhia mpango wa soko wa wakulima wa zabibu Dodoma."

Jibu: Hicho ni kichwa cha habari kamili. Kesho tafuta cha kweli gazetini, ukilete hapa kabla ya saa mbili usiku.