Kupata mchapuko wa gari kwa kasi na umbali tu

Matatu inatoka steji ya Ahero kuelekea Kisumu. Barabara ni tambarare na imenyooka, na baada ya mita 200 spidomita inasoma kilomita 72 kwa saa. Hakuna aliyepima muda. Haidhuru, mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, unapatikana:

a = (v² − u²) ÷ 2s

u ni kasi ya mwanzo, v kasi ya mwisho, s umbali, a mchapuko.

Kabla ya lolote, geuza kilomita kwa saa ziwe mita kwa sekunde kwa kugawanya kwa 3.6. Hivyo 72 inakuwa 20. Hesabu nyingi huharibikia hapa. Ukiiacha 72 ilivyo, jibu ni 12.96, mchapuko unaoshinda ule wa jiwe linaloanguka (9.8), na matatu ya abiria 14 haina nguvu hizo hata dereva awe na haraka gani. Gari lilianza likiwa limesimama, kwa hiyo u ni 0: 400 ÷ 400 = 1. Kila sekunde, kasi inapanda kwa mita 1 kwa sekunde.

Likiwa tayari mwendoni, tuseme limepita tuta na linatoka 36 hadi 72 ndani ya mita 150, u ni 10 na v ni 20. Piga mraba kila moja kwanza, kisha utoe: (400 − 100) ÷ 300 = 1. Anayetoa kwanza ndipo apige mraba anapata 0.33, na amekosea. Kanuni yenyewe inatoka hapa: muda wa safari ni umbali ugawanywe kwa wastani wa kasi, yaani (u + v) ÷ 2. Badiliko la kasi, v − u, likigawanywa kwa muda huo linazaa (v − u)(v + u) ÷ 2s, na mabano hayo mawili yakizidishwa ndiyo v² − u².

Kanuni hii inadai mchapuko usiobadilika, na gari la kawaida halitii sharti hilo: gia ya kwanza husukuma kuliko ya tatu. Ulichopata ni wastani wa umbali wote. Kujua umepotoka kiasi gani, soma spidomita pia katikati ya njia, kwenye mita 100. Wengi hutarajia nusu ya kasi, 36. La. Mchapuko ukiwa thabiti, v² hapo ni 200, kipeuo chake 14.1, yaani karibu kilomita 51 kwa saa. Spidomita ikisoma 58, mita 100 za kwanza zilikuwa na mchapuko wa 1.3 na za pili 0.7.

Pima umbali kwa utepe, uweke alama za chaki, tena katika uwanja usio na magari mengine, si barabara kuu. Dereva asisome chochote. Abiria arekodi dashibodi kwa simu. Kasi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana inapigwa mraba: ukikosea kasi kwa asilimia 5, mchapuko unakosewa kwa takriban 10. Spidomita nyingi husoma juu kidogo ya kasi halisi, kwa hiyo linganisha na GPS ya simu.

Kwa breki, v ni 0 na jibu linakuwa hasi. Kutoka 80 (22.2 kwa sekunde) hadi kusimama ndani ya mita 60, mchapuko ni −4.1. Kwa breki hizohizo, anayekwenda 50 anasimama ndani ya mita 23 hivi. Hesabu s tangu breki zinaposhika. Sekunde moja ya dereva kushtuka kwa kasi ya 80 inakula mita 22 zake pekee.

Mteremko unaoshuka mita 5 kwa kila mita 100 unapunguza karibu 0.5 kutoka kwenye uwezo huo wa breki. Mita 60 zinakuwa 68. Kwa lori lenye mzigo linaloteremka kama pale Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, hesabu hiyo bado ni ya matumaini, hasa dereva akitoa gia ili aokoe mafuta: injini haisaidii tena kuzuia, breki zinachemka, na mchapuko hasi unapungua kadiri lori linavyoshuka. Hapo kanuni ya mchapuko thabiti haifai tena. Gawanya njia vipande vifupi na upime kila kimoja.