Somo: Kuchagua prosesa ya kompyuta ya kuandikia programu (soma kabla ya kuniandikia)

Wiki hii nimejibu "yaya, ninunue prosesa gani?" mpaka vidole vimechoka. Jibu ni hili, likae hapa.

1. Andika kazi yako kwenye karatasi. Tovuti na PHP: kori 6 (kori ni kichwa kimoja cha kazi ndani ya prosesa) zinatosha na kubaki. Unakompaili (unageuza msimbo kuwa programu) C++ au Rust, au emuleta ya Android (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) iko wazi kutwa: kori 8.

2. Tenga franga ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) kwanza. GB 32 na kori 6 ni bora kuliko GB 8 na kori 12.

3. Angalia soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama: ndiyo inaamua aina ya RAM. AM4 ya AMD ni DDR4. AM5 ya mwaka 2022 ni DDR5 tu. LGA1700 ya Intel ina mbao mama za aina zote mbili, kwa hiyo soma boksi.

4. Herufi ya mwisho ya jina la prosesa, na BIOS (programu ndogo ya ubao mama inayoamsha mashine). Hapa ndipo nilipolia. Nilinunua prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, kwa mtu aliyetoka Dar, nikaipachika kwenye ubao mama wa B450 wa mitumba. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii. Siku nne! Nilisugua RAM kwa kifutio, nikamtukana aliyeniuzia. Kumbe makosa yangu, tena mawili. 5600 haina grafiki ndani. 5600G ndiyo inayo. (Kwa Intel, F mwishoni, kama 12400F, ni hivyo hivyo: bila kadi ya grafiki huoni kitu.) Nikaazima kadi, bado giza. BIOS ilikuwa ya 2018, haiijui kabisa familia ya 5000. Mwanafunzi mmoja akaniazima prosesa yake ya zamani, 2200G, nikasasisha BIOS, nikarudisha 5600, ikawaka.

ONYO: usisasishe BIOS kwa umeme wa ukutani peke yake. Hapa Lubumbashi mnajua wenyewe. Ukikatika katikati, ubao unaweza kufa. Tumia onduleri (betri ya akiba) iliyojaa. Na ukipata ubao wenye kitufe cha BIOS Flashback, ongeza pesa uuchukue: unasasishwa hata bila prosesa.

5. Ndani ya BIOS washa SVM (AMD) au VT-x (Intel), yaani ruhusa ya kuendesha mashine ya kuigiza, la sivyo emuleta itakuchosha.

MASWALI

Mwana wa Katuba: Yaya, nina dola 300, prosesa gani nzuri?
— Kwa kazi gani? Hatua ya 1.
Mwana wa Katuba: Kazi ya kompyuta.
— Karatasi, mdogo wangu. Karatasi.

Mukubwa wa Kenya: Naona AMD inakulipa.
— Ingenilipa ningeazima kadi ya watu? Intel nimeitaja kila panapohusika. Soma tena.

Dada Kodi: Mbona kori 12 za kazini haziharakishi skripti yangu ya JavaScript?
— Swali zuri, dada. Skripti ya kawaida inakimbia kwenye uzi mmoja: kori moja inahema, kumi na moja zinatazama. Wewe tafuta kasi ya kori moja. C++ ni tofauti, kila faili linaweza kwenda kori yake. Kompaili kwa amri make -j1 (faili moja moja), futa, rudia kwa -j6 (sita kwa pamoja), ukishika saa mkononi. Utaona kuunganisha mafaili mwishoni hakuharakishwi sana.
Dada Kodi: Aksanti yaya. Na vumbi hili jekundu?
— Safisha feni kila mwezi kiangazi. Ukiivua kwenye AM4, washa mashine kwanza dakika kumi ile krimu ya joto kati ya feni na prosesa ilainike, izime, chomoa waya, kisha zungusha feni kidogo kidogo kushoto na kulia. Ukivuta wima, prosesa inaweza kutoka nayo na pini zikapinda.
Mwana wa Katuba: Zangu zimepinda tayari.
— Zinyooshe: wembe mwembamba, taa kali, na usiku usio na haraka. Ulinunua lini, wewe si ulikuwa unauliza?