Somo: Kuwafundisha Watoto Wadogo Sikukuu ya Purimu na Ujasiri wa Esta

Mara ya kwanza nilipofundisha habari za Esta katika Shule ya Jumapili, niliwaambia watoto kwamba malkia yule hakuogopa chochote. Binti mmoja wa miaka sita, ambaye siku zote hupenda kukaa karibu na mlango, akainua mkono na kuuliza, "Sasa kama hakuogopa, kwa nini aliwaambia watu wafunge siku tatu?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, nikaisoma tena sura ya nne polepole, nikaona kwamba mtoto alikuwa amelielewa andiko kuliko mwalimu wake. Somo hili limetokana na swali hilo, nami nimeliandaa kwa walimu na wazazi wenye watoto wa kati ya miaka 4 na 8. Linahitaji kama dakika 50, au vipindi viwili iwapo watoto ni wengi.

Purimu ni sikukuu ya Kiyahudi inayoadhimishwa tarehe 14 ya mwezi wa Adari, ambayo kwa kalenda yetu huangukia mwishoni mwa Februari au mwezi Machi. Huko Yerusalemu huadhimishwa tarehe 15, kwa kufuata mfano wa Wayahudi wa Shushani, mji wa mfalme, ambao walipumzika siku moja baada ya wenzao wa mikoani. Jina lenyewe limetokana na neno puri, yaani kura, kwa kuwa Hamani, mkubwa wa mawaziri wa mfalme, alipiga kura ili apate siku ya kuwaangamiza Wayahudi wote katika milki ya Uajemi.

Hatua ya kwanza: Mwalimu asome kitabu chote

Kitabu cha Esta kina sura kumi tu, nacho husomeka kwa kikao kimoja. Usitegemee kumbukumbu za utotoni, kwa sababu nyingi zina makosa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba Mordekai alikuwa mjomba wa Esta, ilhali walikuwa binamu, na Mordekai alimlea baada ya binti huyo kufiwa na baba na mama. Jambo hili si dogo darasani, maana karibu kila darasa letu lina mtoto anayelelewa na ndugu, naye hukaa wima anaposikia kwamba Hadasa, ndilo jina la Esta la Kiebrania, alilelewa vivyo hivyo.

Utaona pia kwamba mfalme Ahasuero, ambaye wanahistoria wengi humtambua kuwa Xerxes wa Kwanza aliyetawala kuanzia mwaka 486 hadi 465 kabla ya Kristo, alitawala majimbo 127, toka Bara Hindi mpaka Kushi. Kushi iko kusini mwa Misri, katika nchi ambayo leo ni Sudani. Ukiwa na ramani ukutani, waonyeshe watoto jinsi amri ya Hamani ilivyoweza kufika hadi huku Afrika. Mji wa Shushani wenyewe uko kusini-magharibi mwa Irani ya leo.

Hatua ya pili: Andaa vifaa

Tafuta makopo matupu ya maziwa ya unga, utie ndani punje za mahindi kiasi cha kiganja kimoja, kisha ufunge vifuniko kwa gundi, kwani kifuniko kisichofungwa kitafunguka wakati wa kelele na mahindi yataenea ukumbi mzima. Kayamba na njuga zinafaa pia. Taji likatwe kwenye karatasi ya manila. Fimbo ya dhahabu ya mfalme iwe mwiko uliozungushiwa karatasi ya kufungia zawadi. Utahitaji vilevile chaki moja, kitenge, na picha ya Hamani iliyochorwa kwenye boksi na kubandikwa kijiti.

Nasema picha kwa sababu maalumu. Mwaka mmoja nilimpa mtoto mwenyewe nafasi ya kuwa Hamani, na wenzake wakampigia makopo kwa furaha kubwa kiasi kwamba alitoka nje akilia, na wiki mbili zilizofuata walikuwa bado wanamwita kwa jina hilo njiani. Tangu hapo Hamani wetu ni boksi.

Hatua ya tatu: Simulia, na kelele ziwe na kazi

Katika sinagogi, gombo la Esta husomwa jioni sikukuu inapoingia na tena asubuhi yake, na kila jina la Hamani linapotajwa, watu wazima kwa watoto hupiga kelele, hugonga miguu na kuzungusha vigogoto vya mbao ili jina hilo lisisikike. Waeleze watoto desturi hiyo, kisha uwape makopo. Weka ishara ya kunyamaza kabla ya kuanza, mkono ulioinuliwa kwa mfano, na uifanyie mazoezi mara mbili tatu, la sivyo hutaweza kuendelea baada ya Hamani wa kwanza.

Simulizi iwe fupi. Mordekai alikataa kumwinamia Hamani. Hamani alighadhibika, lakini hakuona kuwa inatosha kumwadhibu mtu mmoja, bali alipoambiwa Mordekai ni wa kabila gani, alitaka kuliangamiza kabila zima. Hapa simama kidogo. Watoto wetu husikia maneno ya kikabila majumbani na mitaani, na wanaelewa upesi ubaya wa kumchukia mtu ambaye hujawahi hata kumwona, kwa kuwa tu amezaliwa upande fulani. Uliza: "Je, watoto wa Shushani walikuwa wamemkosea Hamani nini?" Acha wajibu wenyewe.

Habari za Vashti, malkia aliyemtangulia Esta, na za wasichana waliokusanywa katika nyumba ya mfalme zipitie kwa sentensi moja: mfalme alitafuta malkia mpya, naye Esta akachaguliwa bila mtu kujua kwamba ni Myahudi. Mti wa kutundikia pia uuache. Inatosha kusema kwamba mpango wa Hamani ulimrudia mwenyewe.

Hatua ya nne: Mstari wa chaki

Hiki ndicho kiini cha somo, kwamba ujasiri si kwenda peke yako, na kama muda ni mdogo, punguza kwingine kote lakini si hapa.

Waeleze kwamba Mordekai alikaa langoni akiwa amevaa gunia, na Esta akamtumia mtumishi aitwaye Hathaki kwenda kuuliza kuna nini. Habari ilipofika, pamoja na agizo la Mordekai kwamba aende kwa mfalme kuwaombea watu wake, jibu la kwanza la Esta halikuwa "nitakwenda". Alijibu kwamba mtu yeyote anayeingia kwa mfalme bila kuitwa huuawa, isipokuwa mfalme amnyoshee fimbo ya dhahabu, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameitwa kwa siku thelathini. Kwa maneno mengine, aliogopa, na alikuwa na sababu nzuri ya kuogopa. Mordekai alipomsihi tena, Esta aliomba jambo moja: Wayahudi wote wa Shushani wafunge pamoja naye siku tatu, usiku na mchana. Ndipo akasema, "nami nikiangamia, na niangamie."

Sasa chora mstari wa chaki sakafuni uwe mlango wa mfalme. Mwalimu msaidizi akae upande wa mbali, ameshika mwiko wa dhahabu na ameinamisha uso. Mtoto mmoja, wa kike au wa kiume, avae taji na kitenge na kusimama mbele ya mstari. Muulize kwa sauti ya chini, "Esta, tumbo lako linasemaje?" Watoto hujibu mambo ya ajabu na ya kweli kabisa, mmoja aliniambia, "Linataka kwenda chooni." Kisha waulize waliobaki, "Tumwache peke yake?" Wakisema hapana, waje wasimame nyuma yake, wafumbe macho na kumwombea kimyakimya hadi uhesabu tatu, siku moja kwa kila hesabu. Ndipo Esta avuke mstari peke yake na kutembea hadi kwa mfalme, ambaye asiharakishe kuinua mwiko. Ukimya huo wa sekunde chache huwafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Rudia ili watoto kadhaa wapate zamu. Kila anayerudi mwulize alijisikiaje kujua kwamba wenzake wako nyuma ya mstari.

Hatua ya tano: Kifurushi cha zawadi

Esta 9:22 inasema kwamba siku hizo ziwe za karamu na furaha, za kupelekeana zawadi na kuwapa maskini vipawa. Wayahudi hulitimiza agizo hilo hadi leo: humpelekea rafiki angalau aina mbili za chakula, nao huwapa maskini wasiopungua wawili. Darasani, kila mtoto afunge ndizi na kipande cha mkate kwa ajili ya jirani wa nyumbani kwao. Mzazi aambiwe mapema, ili zawadi isiliwe njiani.

Maswali ya walimu na wazazi

Swali: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mzee mmoja wa kanisa letu anasema kuwafundisha watoto sikukuu za Kiyahudi ni kuwarudisha chini ya torati. Nimjibuje?

Jibu: Amina, ndugu yangu. Mjibu kwa heshima kwamba watoto wanajifunza sikukuu, hawaamriwi kuishika. Wakolosai 2:16 inatutaka tusihukumiwe kwa sababu ya sikukuu, na hilo linamlinda anayeiadhimisha na asiyeiadhimisha. Hata hivyo wasiwasi wake una funzo kwetu pia: tusiigize ibada ya Kiyahudi kana kwamba ni yetu. Mimi sivai mavazi yao ya sala wala siwafundishi watoto kukariri baraka zao. Tunasema wazi, "Wayahudi hufanya hivi," kisha tunasoma kitabu ambacho wote tunacho.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu aliuliza, je, kama mfalme asingeinua fimbo? Nilibabaika.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimwahidi kwamba Mungu huinua fimbo kila mara, kwa kuwa atakuja kugundua kuwa sivyo. Msomee Danieli 3:17 na 18, ambapo vijana watatu wanasema Mungu wao aweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Esta naye hakujua mwisho alipovuka mlango. Mtoto wa miaka sita analimudu jambo hilo akiambiwa na mtu aliyemshika mkono.

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Nimesikia ikisemwa kwamba jina la Mungu halimo katika kitabu cha Esta, lakini katika Biblia yetu ya Kikatoliki Esta anasali sala ndefu kabisa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Milele na milele, amina. Nyote. Maandishi ya Kiebrania, ambayo ndiyo yanayofuatwa katika Biblia za Kiprotestanti, hayamtaji Mungu hata mara moja. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ina sehemu za ziada, zikiwemo sala ya Mordekai na sala ya Esta, nazo zimo katika Biblia yenu. Itumieni sala hiyo kwenye hatua ya nne, kabla ya Esta kuvuka mstari. Inaeleza hofu yake waziwazi.

Swali: Je, watoto nao wafunge?

Jibu: Hapana, wasifunge. Hata kwa Wayahudi, watoto wadogo hawafungi siku ya mfungo wa Esta inayotangulia Purimu. Kuhesabu hadi tatu kunatosha.

Swali: Watoto wangu wanadhani Wayahudi ni watu wa Biblia tu, kama Wafilisti. Nitawaelezaje?

Jibu: Waeleze kwamba wapo wengi duniani, na baadhi yao ni jirani zetu. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi iliyoanzia kwa kiongozi wa Kiganda, Semei Kakungulu, mwaka 1919. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao katika miaka ya 1970, wengi waliiacha, lakini wachache waliendelea kusali kwa siri. Utawala wake ulianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia. Kwa watoto wa Tanzania, ambao babu zao wengine walikuwa katika vita vilivyomwangusha Amin, habari hii iko karibu kuliko Shushani.

Swali: Dada, sura ya tisa ina mauaji mengi. Unaifanyaje?

Jibu: Kwa watoto wa umri huu nasema kwamba Wayahudi walipewa ruhusa ya kujilinda, nami naishia hapo. Walio na miaka 11 na kuendelea wasome sura yote pamoja na mwalimu, na waruhusiwe kusema kwamba inawasumbua. Hata mimi inanisumbua.

Swali: Umesema ujasiri si kwenda peke yako. Tunawezaje kulileta hilo kwenye maisha ya mtoto?

Jibu: Baada ya mchezo wa mstari mimi huuliza, "Ukiwa na jambo linalokuogopesha, nani atasimama nyuma yako?" Kila mtoto ataje watu wazima wawili. Asiyeweza kutaja hata mmoja, mwalimu amkumbuke na azungumze naye kwa faragha siku hiyohiyo.

Swali: Kuna vitafunio vyovyote vya sikukuu hii ambavyo tunaweza kupika bila oveni?

Jibu: Vipo, na huitwa masikio ya Hamani. Ni biskuti za pembe tatu zenye kitu kitamu katikati. Watoto wa pwani wakiviona husema ni mahamri. Kanda vikombe viwili vya unga wa ngano na nusu kikombe cha siagi, nusu kikombe cha sukari na yai moja, hadi donge lishikamane. Sukuma, kata duara kwa mdomo wa glasi, weka kijiko kidogo cha tende zilizopondwa katikati, kisha inua kingo na ubane pembe tatu ukiacha tende ionekane kidogo. Panga kwenye sufuria iliyopakwa siagi, uiweke juu ya moto hafifu na upalie makaa juu ya mfuniko. Bana pembe kwa nguvu, kwa kuwa zikifunguka tende hutiririka, huganda chini ya sufuria, na harufu ya kuungua hufika hadi kwenye ibada ya watu wazima.