Unataka Labrador au Golden nyumbani? Soma hii kabla hujatoa hela

Mtu akiniambia anataka Labrador au Golden Retriever, swali langu la kwanza sio ana hela kiasi gani, ni nani hapo kwenu atakayetoka naye saa kumi na mbili asubuhi. Kila siku, hata mwezi wa saba ile baridi ya Arusha imekaa na ukungu haujatoka. Ukinijibu "watoto watatoka naye" basi bado hatujaanza kuongea, maana watoto saa hiyo wanakimbizana na basi la shule na jioni wana masomo ya ziada. Lazima awepo mtu mzima mmoja aliyesema "huyu ni wangu" na akamaanisha.

Naongea hivi kwa sababu nilishakosea. Mbwa wangu wa kwanza wa aina hii nilimchukua nikiwa nakaa Njiro, nikamlea kama tulivyokuwa tunalea mbwa kijijini, mchana kutwa mnyororo, usiku unamfungulia azunguke uani. Alivyofika miezi saba alikuwa ameshatafuna fremu ya mlango wa jikoni, amechimba chini ya geti mara tatu, ameshusha nguo za jirani kwenye kamba, na usiku analia mpaka watu wanagonga. Nikajua ni mtundu tu, nikawa namchapa. Siku daktari wa mifugo alipokuja kumchoma chanjo akamwangalia akaniambia, "Huyu haumwi kaka, huyu hana kazi." Iliniuma kweli, na mpaka leo ikinijia inaniuma.

Maana ukiangalia walikotoka utaelewa. Ritriva, yaani kundi la kina Labrador na Golden, ni mbwa wa kumfuata ndege aliyepigwa na mwindaji, hata kama kaangukia majini, na kumrudisha bila kumharibu. Babu zao Labrador walikuwa wanasaidia wavuvi wa Newfoundland kule Kanada kuvuta nyavu na kufukuzia samaki waliochomoka, kwenye maji ya baridi kali. Golden wametengenezwa Uskochi, ule uzao wa kwanza wa watoto wa njano ni wa mwaka 1868. Hawa ni mbwa waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kufanya kazi siku nzima na mtu pembeni, sasa wewe unamweka peke yake nyuma ya nyumba kwenye banda la mbao anaangalia ukuta. Lazima atajitafutia kazi, na hiyo kazi hutaipenda.

Kwa hiyo hesabu yako ni hii: mkubwa anataka angalau saa moja ya kukimbia kwa siku, mara mbili ukigawa ni vizuri zaidi, na juu ya hapo apewe kitu cha kutumia akili. Sio lazima uwe na hela. Mi huwa natupa dagaa wachache wakavu kwenye nyasi ndefu halafu namwambia tafuta, dakika kumi na tano za kunusa zinamchosha kuliko ambavyo ungedhani. Kandambili ya zamani unairusha unamwambia leta, akileta unambadilishia na kipande cha ini, usimnyang'anye kwa nguvu. Ila akiwa mdogo usimkimbize na pikipiki wala kilometa nyingi kwenye lami kwa sababu mifupa inakomaa polepole, mpaka mwaka na zaidi, cheza naye kwenye majani aache mwenyewe akichoka.

Sasa yupi. Kwa familia nyingi huku kwetu mi nasema Labrador, na nasema hivyo kwa sababu ya manyoya. Ni mafupi, unamwona kupe kwa macho, tope la masika likikauka unalipangusa tu. Dume ni kilo 29 mpaka 36, jike 25 mpaka 32, kwa hiyo sio mdogo. Kasoro yake ni tumbo, na sio ulafi tu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2016 walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu kwenye jeni moja, chembe ya urithi, inayomfanya asisikie kushiba vizuri. Kwa hiyo akikuangalia na yale macho usimwongezee. Golden ni mpole, ana subira na watoto kweli, ila yale manyoya marefu yanataka brashi mara kadhaa kwa wiki na kupe wakiingia ndani yake utawatafuta mpaka ukome, na akikaa na unyevu ngozi inaanza kuoza. Kama nyumbani kuna mtu anayependa kazi ya kuchana basi mchukue. Kuna ritriva wengine pia. Yule mwekundu mdogo wa Nova Scotia, Kanada, ana kilo 17 mpaka 23 na watu wanafikiri udogo ni utulivu, hapana, huyo ana nguvu za ajabu na sauti yake akifurahi ni ukelele haswa, nyumba za kupanga zilizobanana atawagombanisha. Chesapeake, ritriva wa Marekani, ndiye mwenye ulinzi kidogo kati yao lakini ni mkaidi, simpendekezi kwa mtu anayeanza.

Na kuhusu ulinzi tuambiane ukweli. Kama unataka mbwa wa kuandika Mbwa Kali getini, sio huyu. Labrador wangu wa sasa, Kibo, mgeni akiingia anakimbia kutafuta kitu cha kumbebea, kiatu, chupa, chochote. Siku moja alikuja sebuleni anatembea taratibu sana, mdomo umefungwa, mama watoto akanyoosha mkono akamwachia yai la kuku wa kienyeji, zima, bado la moto, limelowa mate tu. Alikuwa amelitoa kwenye kiota nyuma ya stoo. Mdomo laini wa ritriva ndio ule. Ukitaka ulinzi weka taa na uzio mzuri.

Hali ya hewa usiipuuze. Arusha yuko sawa muda mwingi, ila Moshi mjini kuanzia Januari mpaka Machi joto lile na manyoya ya tabaka mbili ni hatari, toka kabla jua halijachomoza au baada ya magharibi, weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami, kama huwezi kuvumilia sekunde tano na yeye hawezi. Akianza kuhema vibaya, mate mazito, anayumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, halafu mbio kwa daktari. Ukiwa juu uchagani kuna kivuli cha migomba, raha sana kwake, lakini vihamba vingi, yale mashamba ya nyumbani, havina uzio wa maana na mfereji ni maji ya watu, usimwache aogelee humo.

Kabla ya kununua ongea na dada wa kazi, yaani kaa naye chini umuulize kama anaogopa mbwa, maana ndiye atakayeshinda naye. Ongea na jirani pia. Kama ni Mwislamu mate ya mbwa kwake ni najisi na ritriva anaramba kila mtu, hivyo mbwa akitoka awe kwenye kamba. Mtoto wa miaka miwili mitatu ataangushwa, sio kwa ubaya, kwa furaha, kwa hiyo tangu siku ya kwanza mbwa asalimiwe akiwa amekaa tu, akiruka mgeuzieni mgongo nyumba nzima.

Siku ya kwenda kumwona usiende na watoto, watalia umchukue wa kwanza. Mwambie muuzaji amtembeze mbwa mama wa hao watoto, na baba kama yupo, angalia miguu ya nyuma, anayeyumba kiuno au anaruka kama sungura achana naye, nyonga mbovu wanarithi. Mama akiwa mwoga au mkali, ondoka. Wauzaji wengi niliokutana nao hawana picha za eksirei za nyonga, uliza tu, jibu lake litakuonyesha ni mtu wa namna gani. Asikupe mtoto chini ya wiki nane. Halafu kaa chini kwenye majani, viringisha soksi uitupe hatua mbili. Anayeifuata na kurudi nayo kwako ndiye wa familia, anayeichukua na kukimbia nayo kona atakuhitaji zaidi, aliyejificha mwache.

Chanjo zinaanza wiki ya sita hadi ya nane na zinarudiwa mpaka wiki ya 16, ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu halafu kila mwaka, hiyo usikose kabisa. Dawa ya kupe mfululizo, huku kwetu homa ya kupe inaua. Ukiona ufizi umepauka au mkojo wa rangi ya chai ya rangi usingoje kesho. Chakula dona na dagaa au utumbo ni sawa ukichanganya vizuri, lakini mabaki ya maharage au mchuzi yenye kitunguu hapana, kitunguu kinaharibu damu yake, na mifupa iliyopikwa hapana.

Usiku wa kwanza atalia. Mweke kwenye boksi karibu na kitanda chako, chupa ya maji ya uvuguvugu uizungushie khanga iliyokwisha kuvaliwa na mama watoto, ashike harufu ya nyumba. Saa tisa tisa usiku ukimsikia anahangaika mbebe mpaka nje kwenye nyasi, simama kimya, usiwashe simu. Akikojoa msifie kwa sauti ndogo, mrudishe ndani mlale.